Saa janja ya bei chee inapoteza Bluetooth nikisogea hatua chache: tufanyeje?

Zeze la Usiku (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nina saa janja ya zile za bei chee, ya mviringo, inapokea simu, inapima mapigo ya moyo, na mengine yote yaliyoandikwa kwenye boksi. Boksi linasema Bluetooth 5.0, umbali mita 10. Hizo mita 10 mimi sijawahi kuziona. Nikiacha simu chumbani inachaji nikaenda jikoni, katikati kuna ukuta mmoja tu, saa inatetemeka na kuonyesha kile kialama cha mnyororo uliokatika. Nikirudi, mara inashika yenyewe, mara inagoma mpaka nifungue programu yake kwenye simu ndiyo izinduke.

Kuna wakati simu iko mfuko wa nyuma na saa iko mkono wa upande wa pili, basi ujumbe unachelewa, halafu zinaingia tatu kwa mpigo.

Swali langu kwa wajuzi: kuna namna ya kuongeza nguvu ya Bluetooth kwenye hizi saa? Kuna setingi imejificha mahali? Nimeona video jamaa anaifungua na kuchomelea kiwaya ndani. Kufungua siogopi, bisibisi ndogo ninazo. Ila msiniambie ninunue nyingine, hilo nalijua.

Kobe Mzee

Nunua nyingine 😂

Natania mkuu. Naweka kambi hapa, yangu ina ugonjwa huohuo.

Bwana Mteremko

Mkuu, mbona rahisi. Pakua zile programu za kuongeza nguvu ya Bluetooth, ziko kibao na ni bure. Pia kuna stika za antena za rangi ya dhahabu, unabandika nyuma ya simu chini ya kava. Ukikosa kabisa, weka foili ya jikoni kwenye kava, itarudisha mawimbi upande wa saa.

Mpima Mawimbi

Bwana Mteremko, usimpoteze mwenzio.

Nguvu ya kurusha imepangwa na programu ya ndani ya chipu yenyewe. Android haiipi programu ya kawaida mlango wa kupandisha nguvu ya muunganisho ambao tayari unaendelea. Hizo za "kuongeza nguvu" zinakuonyesha tu duara linazunguka, halafu zinakuwekea matangazo. Stika ya dhahabu haijaungwa na chochote, ni pambo. Foili ndiyo mbaya kuliko zote, maana chuma karibu na antena kinaihamisha kutoka kwenye masafa (frikwensi) yake, na ikikaa kati ya simu na saa inaziba kabisa.

Halafu kuna jambo watu wanalisahau. Bluetooth ni mazungumzo ya pande mbili. Hata simu ikipiga kelele kiasi gani, saa nayo lazima ijibu, na jibu lake lisikike. Kwenye saa ndogo, upande dhaifu mara nyingi ni huo wa saa. Kwa hiyo kuhangaika na simu peke yake hakukufikishi mbali.

Zeze, kabla ya bisibisi fanya hesabu kidogo na mimi. Bluetooth inatumia masafa ya megahezi 2400 mpaka 2483.5. Kwa masafa hayo, mita ya kwanza tu ya hewa inameza kama desibeli 40 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi kupanda au kushuka). Baada ya hapo, kila ukizidisha umbali mara mbili unapoteza desibeli 6, na ukizidisha mara kumi unapoteza 20. Saa ikirusha kwa miliwati 1, yaani 0 dBm (desibeli zinazohesabiwa kuanzia miliwati 1), na antena yake ndogo ikapoteza 10 au 15, simu iliyo mita moja inapokea kama -50 mpaka -60. Ukienda mita 10 mahali pa wazi ni -70 mpaka -80. Weka ukuta wa zege hapo katikati, toa tena 10 au zaidi. Chipu nzuri husikia mpaka karibu -95, kwa hiyo ukiwa na -90 upo ukingoni, mtu akipita tu katikati umekatika.

Sasa chukulia antena ya saa yako ina kasoro na inapoteza desibeli 12 za ziada. Ni kama umbali wako umegawanywa kwa 4. Mita 10 zimekuwa mbili na nusu. Hiyo inafanana na malalamiko yako, ila inaweza kuwa mkanda, mwili, au simu inayoua programu. Usifungue kitu kabla ya kupima.

Zeze la Usiku

Mpima Mawimbi, shukrani sana. Hizo namba napimaje? Sina vifaa vya maabara. Na Bluetooth 5.0 si tuliambiwa inaenda mbali mara nne kuliko 4?

Mpima Mawimbi

Kifaa unacho mkononi, ni simu. Pakua nRF Connect, ni programu ya bure ya Nordic Semiconductor, watengenezaji wa chipu za Bluetooth. Ukiifungua na kuruhusu utafutaji, inakuorodheshea kila kifaa kilicho karibu na pembeni namba yake ya dBm. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu: -55 ni nzuri kuliko -85.

Mtego mmoja: saa nyingi zikishaunganishwa na simu zinaacha kujitangaza, kwa hiyo hutaiona kwenye orodha. Itenganishe kwanza kwenye programu yake, au pima kwa simu nyingine huku Bluetooth ya simu yako ukiwa umeizima.

Weka saa mezani, meza ya mbao siyo ya chuma, simu mita moja kutoka hapo. Namba itarukaruka, ni kawaida, angalia inapenda kutulia wapi. Geuza saa, pima tena. Kisha ivae, pima. Kisha geuka uipe simu mgongo, pima. Hapo ndipo utaona maajabu ya mwili wa binadamu. Sisi ni maji kwa sehemu kubwa, na maji yanakula sana mawimbi ya masafa haya. Simu mfuko wa nyuma kulia, saa mkono wa kushoto mbele ya tumbo, wewe ndiye ukuta. Desibeli 20 kupotea hapo si ajabu. Ndani ya nyumba kuta zinakusaidia kidogo kwa kurudisha mawimbi, ila ukiwa nje uwanjani hakuna cha kuyarudisha, ndiyo maana watu wengine wanalalamika saa inakata wakiwa wanakimbia wakati simu wanayo wenyewe. Hamisha simu iwe upande mmoja na saa. Hiyo ni bure na inafanya kazi leo.

Kuhusu 5.0, ilitoka Desemba 2016, na ile habari ya mara nne ni ya kweli ila ina masharti. Umbali huo unatokana na njia maalumu ya kutuma data polepole, kilobiti 125 kwa sekunde badala ya megabiti 1, kila biti ikirudiwarudiwa kimahesabu ili isikike hata ikiwa dhaifu. Njia hiyo ni ya hiari. Mtengenezaji anaweza kuandika 5.0 kwenye boksi bila kuiweka. Mfano ni chipu ya nRF52832, iliyomo kwenye saa ya PineTime: ni ya 5.0 halali kabisa lakini hiyo njia ya umbali mrefu haina. Hata saa ikiwa nayo, simu nayo lazima iwe nayo, na programu ya saa iiombe. Kwenye hizi zetu usiitegemee.

Dada Setingi

Naomba niingilie kabla hamjamfungulisha mtu saa yake.

Zeze, umesema mambo mawili tofauti na wote mmeyachanganya. La kwanza, inakatika ukienda jikoni. La pili, ukirudi hairudi mpaka ufungue programu, na ujumbe unakuja kwa mafungu. Hili la pili halihusiani na antena hata chembe. Hiyo ni simu inaua programu ya saa ili kuokoa chaji.

Bluetooth ya aina hii ikipoteza mawasiliano inasubiri muda iliopangiwa, ndipo inatangaza kwamba imekatika. Kiwango chenyewe kinaruhusu kuanzia sehemu ya 10 ya sekunde mpaka sekunde 32. Kukatika ukienda mbali ni haki yake. Ukirudi, programu kwenye simu ikiwa hai inaunganisha tena bila wewe kujua. Ikiwa imelazwa na simu, nani ataunganisha?

Nenda kwenye mipangilio ya programu ya saa, sehemu ya betri, iondolee vizuizi. Simu nyingi zina pia sehemu ya "kujiwasha yenyewe", iruhusu. Kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa karibuni ifungie kufuli, usiifagie kila saa kama wengine wanavyofagia. Android 12 kwenda juu hakikisha ina ruhusa ya vifaa vilivyo karibu, za nyuma kidogo zinataka ruhusa ya mahali na GPS iwe imewashwa ndipo itafute. Na ruhusa ya kusoma arifa, hiyo ikizimwa baada ya programu kusasishwa, watu wanalaumu Bluetooth.

Jingine ambalo wengi hamlijui: saa inayopokea simu ina Bluetooth mbili ndani yake. Moja ya kuokoa chaji, inayobeba arifa, hatua na mapigo, na hii unaiunganisha kutoka ndani ya programu ya saa tu, usiiguse kwenye mipangilio ya simu. Ya pili ni ile ya zamani ya sauti, ndiyo inayojitokeza kwenye orodha ya Bluetooth ya simu kama vile ni spika. Wengine wanaunganisha zote kwenye mipangilio, zinagombana. Futa zote mbili, zima na uwashe simu na saa, anza na programu, halafu ya sauti itakuja kuomba yenyewe.

Na kama hupokei simu kwa saa, zima hiyo ya sauti. Mara nyingi zote mbili zinagawana redio moja na antena moja, na chaji inaisha bure.

Kobe Mzee

Dada Setingi, umenigusa. Hiyo ya kufagia programu ni mimi kabisa, kila saa nafagia. Nimeifungia kufuli, tangu jana arifa zinaingia papo hapo.

Ila jikoni bado inakata. Niongeze kwamba nimebadilisha mkanda, nimeweka wa wavu wa chuma wenye sumaku. Kuna uhusiano?

Mpima Mawimbi

Upo. Wavu wa chuma unazunguka mkono mzima na unapita milimita chache tu kutoka antena. Unaitoa antena kwenye masafa yake na pia unakinga upande wa chini. Zipo saa zilizobuniwa kuanzia mwanzo zivae chuma, hesabu zake zilifanyika kiwandani. Hizi za plastiki zilizokuja na mkanda wa silikoni hazikufanyiwa. Rudisha silikoni, pima, linganisha. Hata zile fremu za chuma za kulinda kioo ni hivyohivyo.

Upande wa simu nako kagua. Kuna watu wamebandika kibati cha chuma nyuma ya simu kwa ajili ya kishikio cha sumaku cha kwenye gari. Kibati hicho kikikaa juu ya antena ya simu umejifanyia mwenyewe ile foili ya Bwana Mteremko.

Bwana Mteremko

Foili yangu mnaisema sana humu 😂

Msomi wa Mezani

Wakuu, yangu ina kisa tofauti. Nyumbani iko vizuri, hata vyumba viwili inavuka. Nikikaa kwenye meza ya kazi, simu iko pale pale mbele yangu, inakwamakwama na simu za sauti zinakatakata. Nusu mita tu!

Mpima Mawimbi

Juu ya meza kuna nini? Kuna diski ya nje ya USB 3?

Msomi wa Mezani

Ipo, na kigawanyio cha USB pia. Umejuaje?

Mpima Mawimbi

Intel walitoa waraka mwaka 2012 kuhusu jambo hilo. Data ya USB 3.0 inakimbia kwa kasi ambayo kelele yake ya umeme inamwagika mpaka kwenye masafa ya 2.4 gigahezi. Waya mbovu au usio na kinga nzuri, ikiwa diski inafanya kazi, inaziba masikio ya kila kitu cha 2.4 kilicho karibu: Bluetooth, Wi-Fi, kipanya kisicho na waya. Sogeza simu upande wa pili wa meza, badilisha waya wa diski uwe wenye kinga, uone.

Tukiwa hapo hapo: ruta ikiwa mezani nayo ni jirani mkorofi. Bluetooth ya arifa ina chaneli 40, na tatu za kujitangazia zimewekwa 2402, 2426 na 2480 ili zipite kwenye mianya ya chaneli za Wi-Fi 1, 6 na 11. Ikishaunganishwa inarukaruka na kuzikwepa zile zenye kelele. Kwa hiyo Wi-Fi ya kawaida haikuui, ila ruta yenye simu tano zinazotazama video kwa 2.4 inakupunguzia nafasi. Hamishia simu kwenye Wi-Fi ya gigahezi 5. Maikrowevu nayo ipo hapo hapo 2.45, ndiyo maana jikoni ni mahali pabaya pa kupimia wakati inapasha chakula. Zeze, hebu angalia hilo.

Zeze la Usiku

Wakuu nimerudi na majibu.

Maikrowevu haihusiki, ilikuwa imezimwa. Nimemsikiliza Dada Setingi nikafuta kila kitu na kuunganisha upya, nikaondoa kizuizi cha betri. Ujumbe sasa unakuja kwa wakati na nikirudi chumbani inashika yenyewe. Kwa hilo pekee ningeshafunga uzi.

Ila vipimo si vizuri. Saa mezani, mita moja, simu haina kava, inacheza -78 mpaka -82. Nikiigeuza kuna upande inafika -75, haipandi zaidi. Nikiivaa ni -85 na nikiipa mgongo inapotea kabisa kwenye orodha. Nimeazima saa ya mdogo wangu, nayo ya bei chee, kampuni nyingine: -57 mahali palepale, kwa simu ileile. Mkanda ni silikoni.

Nadhani tumefika kwenye bisibisi?

Mpima Mawimbi

Tumefika. Desibeli 20 na ushee chini ya mwenzake, haijavaliwa, simu ni ileile. Hapo hakuna setingi. Namwita Fundi Kibisibisi.

Fundi Kibisibisi

Nimeitika.

Zeze, kwanza zima saa, na chaji iwe chini. Betri ya ndani ni ile ya kimfuko laini, ukiitoboa kwa bisibisi itawaka, usiichokonoe. Pia ujue kuanzia leo hiyo saa haiendi majini tena, hata uifunge vipi.

Geuza, tazama mgongoni. Ikiwa na skrubu nne ni neema. Ikiwa haina, imegundishwa. Pasha ukingo kwa hewa ya moto ya kukaushia nywele, siyo ya fundi inayoyeyusha, mpaka plastiki iwe ya moto lakini bado unaweza kuishika. Ingiza kadi nyembamba ya plastiki, zungusha taratibu. Usiivute ghafla, maana kati ya mgongo na bodi kuna utepe mwembamba wa sensa ya mapigo na nyaya mbili za sumaku ya kuchajia. Wengi wanakata hapo.

Ukishafungua tafuta antena. Inaweza kuwa mstari wa shaba wenye mikunjo kwenye kona ya bodi, sehemu ambayo nyuma yake hakuna shaba nyingine. Inaweza kuwa kipande kidogo cha kauri, cheupe au cha buluu, ukingoni mwa bodi. Hizi mbili haziharibiki kirahisi isipokuwa saa ianguke na kauri ipasuke au risasi yake ya kuchomelea iachie.

Ninayoikuta sana ni ya aina ya tatu: stika nyembamba ya plastiki yenye shaba ndani, imebandikwa kwenye ukuta wa ndani wa kasha, na inagusana na bodi kwa vijispringi viwili vya rangi ya dhahabu. Ugonjwa wake ni mmoja kati ya hii: springi imelala haigusi, jasho limeingia na kuweka kutu ya kijani kwenye mguso, au gundi ya stika imeachia na stika imelalia betri. Betri nje yake ina karatasi ya alumini. Antena ikilala juu ya alumini imekufa.

Kuna na saa ambazo pete ya chuma ya nje ndiyo antena, nayo inaguswa na springi. Dawa ni ileile.

Safisha migusano kwa spiriti, ile kavu ya aisopropili, na kijiti cha pamba. Springi iinue kwa kijiti cha plastiki, nywele moja tu, ukiipinda sana inakatika na hiyo hakuna spea. Stika irudishe kwenye ukuta mahali ilipokuwa, utaona alama ya gundi ya zamani. Usibuni mahali papya.

Piga picha kabla hujagusa kitu.

Mtundu wa Waya

Fundi, na ile ya kuchomelea kiwaya? Mimi niliijaribu kwenye saa moja. Nilikata waya wa milimita 31, robo ya urefu wa wimbi, nikachomelea pale antena ya kauri ilipokuwa. Mezani ilipanda kweli. Nikivaa, faida yote ikapotea.

Fundi Kibisibisi

Ndivyo inavyokuwa. Robo ya wimbi ni hesabu ya hewani: wimbi la 2.4 lina urefu wa kama sentimita 12.3, gawanya kwa nne unapata hiyo 31. Ndani ya kasha la plastiki, karibu na kioo, betri na ngozi ya mtu, urefu sahihi unapungua, na hakuna anayekupa namba bila kipimo. Kiwandani wanaweka vijikapasita na koili viwili au vitatu kabla ya antena ili kuilinganisha na ile antena mahsusi, akiwa amevaa mtu. Ukibadilisha antena, ulinganisho ule hauko sawa tena.

Nyingine, watu wanachomelea waya bila kuondoa antena ya zamani. Hapo una antena mbili zinazovutana. Mimi waya naweka pale tu ambapo kauri imepasuka na saa ilikuwa inaenda jalalani.

Kuna mteja aliniletea saa, tatizo lilianza baada ya kubadilishiwa betri. Fundi wa kwanza alikuta betri ya saizi yake haipo, akaweka nene na ndefu kidogo. Chaji ilikaa vizuri sana, lakini kona ya betri ilikuwa imefunika antena ya bodi. Nikaweka ndogo, umbali ukarudi. Mteja alinuna kwa sababu chaji ilipungua, nikamwambia achague.

Zeze la Usiku

Fundi, wewe ni mchawi. Stika! Upande mmoja umebanduka na umejikunja juu ya betri kama ulivyosema. Springi moja ina ukijani. Saa ilikuwa na skrubu nne, mbili chini ya plastiki za mkanda.

Nimesafisha, nimeinua springi kidogo, nimerudisha stika. Nimepima kabla ya kufunga, mgongo umeshikiliwa na raba: -59 mezani. Nikivaa -68. Nikiipa mgongo -84, ila haipotei.

Jikoni inashika. Nikivuka mpaka nje, kuta mbili, inakata, nikirudi inaunganisha yenyewe kabla sijakaa.

Swali la mwisho. Stika naibandika kwa gundi gani isiachie tena, na mgongo nifunge na nini?

Bwana Mteremko

Supa gluu mkuu, haiachii milele.

Fundi Kibisibisi

Zeze, usimsikilize. Supa gluu inatoa mvuke mweupe unaoganda kwenye sensa ya mapigo na kwenye migusano, na siku betri ikichoka hutaifungua tena bila kuvunja. Stika ibandike kwa utepe mwembamba wa pande mbili, ule wa kubandikia vioo vya simu, na usipite juu ya pale springi zinapogusa. Kama mpira wa kuzuia maji bado mzima, ufute vumbi na uurudishe kwenye mfereji wake. Ukiwa umechanika, pitisha gundi ya B-7000 nyembamba ukingoni, bana na raba, uache siku nzima kabla ya kuvaa. Skrubu kaza kwa mshazari, hii kisha ya upande wa pili, usikaze moja mpaka mwisho.

Kabla hujaweka gundi, washa saa upime tena mgongo ukiwa umekazwa kwa skrubu zote. Wakati mwingine ukikaza betri inasukumwa na kurudi palepale kwenye stika. Ukiona namba imeshuka kurudi kwenye sabini na kitu, fungua usogeze betri milimita moja upande wa pili.

Zeze la Usiku

Nimekaza zote nne. -61. Naweka gundi sasa.